Tairi la Nne la Gari Jekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ya waya na tairi kipara la lori, nikaambiwa nilisugue mpaka linuke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimevaa shati jeupe, nikidhani nimeajiriwa ofisini. Fundi Mkuu, mzee wa Kirufiji ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alilitazama shati langu.

"Kesho njoo na la kazi, Ndugu. Mpira hauulizi mtu kasoma mpaka wapi."

Karakana ilikuwa Temeke, nayo ilikuwa imeshachukuliwa na umma. Kazi yetu ilikuwa kuyavika matairi makuukuu ganda jipya. Miaka ile ya Ujamaa matairi mapya yalikuwa adimu, kwa hiyo tairi lililokwisha kashata, yaani ile michoro inayoshika barabara, halikutupwa. Tulilisugua likakwaruzika, tukalipaka gundi, tukalizungushia ukanda wa mpira mbichi, kisha tukalifungia ndani ya kalibu ya chuma na kulipika kwa mvuke. Kalibu ndiyo iliyotia kashata. Likitoka tuliligonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mlio mkavu, limeshika. Mlio mzito, ganda limeachana na mwili, anza upya.

Kila fundi aliandika alama yake kwa rangi upande wa ndani wa tairi. Yangu ilikuwa duara lenye nukta. Gari lilipotoka kwenda kujaribiwa, wenye alama ndio waliopanda kwanza. Hakuna aliyetueleza sababu, na hakuna aliyeuliza.

Mwaka wangu wa nne aliletwa kwetu mgeni wa namna yake: gari jekundu la mashindano, la viti viwili, lililoingia nchini kabla ya Uhuru. Lilivutwa kwa kamba. Mwenyewe, Bwana Amir, alikuwa muuza vitambaa, na ujana wake wote alikuwa amekimbiza gari hilo. Alitaka kulikimbiza tena mara moja, mbio za kwenda Morogoro, kabla macho hayajamwishia. Alileta matairi manne membamba yaliyochakaa, ya mwisho ya saizi ile aliyoweza kuyapata.

"Nayataka kama yalivyozaliwa," alisema, akatuonyesha kipande chenye kashata za asili, mistari ya kupindapinda kama magamba ya samaki. "Mkinitilia kashata za lori, gari litanicheka."

"Kalibu ya saizi hii tunayo laini tu," Fundi Mkuu alisema. "Haina mchoro."

Mimi ndiye niliyeropoka. Nilisema kashata zinaweza kuchongwa kwa mkono baada ya kupika, na kwamba Mtoni, jirani na nilikopanga, yupo mchongaji wa Kimakonde, Mzee Nandonde, mwenye mkono usiotetemeka.

"Tairi si kinyago," Fundi Mkuu akasema. Kisha, akikigeuza kile kipande mkononi: "Haya, mlete. Lakini wewe ndiye utakayepima. Alama itakuwa yako na yake."

Mzee Nandonde alikuja na patasi zake ndani ya kikapu. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku tayari anaubonyeza mpira kwa dole gumba.

"Mti gani huu unarudisha mkono?"

Alipasha patasi kwenye jiko la mkaa, akaanza. Moshi ulimtoa machozi. Mafundi wenzangu waliacha kazi kumtazama.

"Babu, usije ukalitia masikio!" mmoja alimtania.

"Masikio ya nini? Nalitia mdomo, lije liwaeleze mabosi mnavyosinzia."

Walicheka, naye akachonga. Kwa siku tatu alimaliza matairi matatu, mazuri kiasi kwamba Bwana Amir aliyapapasa kama shingo ya farasi. Mimi nilipima kila mfereji kwa msumari wenye alama. Mfereji usizidi alama, kwa sababu chini ya mpira kuna nyuzi, na nyuzi ndizo zinazolishika tairi zima. Zikikatwa, tairi hupasuka likipata moto barabarani.

Tatizo la mchongaji wa mpingo ni kwamba amezoea kwenda ndani. Uzuri wa kinyago chake uko kwenye kina. Nilikuwa nimemwonyesha alama ya msumari, lakini sikumweleza kilichoko chini yake. Katika tairi la nne, mahali pamoja, nilipochomeka msumari niliona weupe. Nyuzi, urefu wa ukucha, zimekatwa.

Mzee alikuwa ananawa mikono. Fundi Mkuu alikuwa ofisini kwa Meneja. Nilifikiria wazo langu, maneno ya "tairi si kinyago", na kwamba tairi la tano halikuwepo. Nikachanganya gundi na masizi, nikapaziba. Hata mimi mwenyewe nilipoligeuza tairi sikupaona tena.

Asubuhi gari lilisimama getini limevaa matairi yake, Bwana Amir kwenye usukani. Safari ya majaribio ilikuwa Barabara ya Pugu mpaka Gongo la Mboto na kurudi. Kiti kilibaki kimoja. Usiku kucha nilikuwa nimejiambia kwamba nitakaa mimi, basi, kama ni kufa nife na kosa langu. Sikuwa nimemhesabu Bwana Amir.

Na Mzee Nandonde alifika amevaa suruali ya pasi na kofia mpya.

"Wewe kijana umeshapanda magari mengi," aliniambia, anafungua mlango. "Alama ni yetu wote. Leo napanda mie."

Injini ilinguruma. Akanipungia mkono kama anayekwenda harusini. Nilisimama mbele ya gari.

"Zima," nilisema. "La nyuma kushoto lina nyuzi zilizokatwa. Nilipaziba."

Fundi Mkuu alichutama, akachokonoa kwa kisu mpaka weupe ukatokea. Bwana Amir alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mzee Nandonde alishuka polepole.

"Ulijua lini?"

"Jana, mzee."

"Mie mti ukipasuka nautupa, nachukua mwingine. Sina neno na mti." Aliipangusa kofia yake. "Ungeniambia tu kwamba umepasuka."

Sikufukuzwa. Nilihamishiwa Tabora, kisha Mwanza, kisha Mbeya, na tangu hapo sikuweza kukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Mbio za Morogoro zilipita bila gari jekundu. Lakini nikiwa Tabora nilipata barua ya Fundi Mkuu, mistari michache kwa mwandiko wake wa kusimama. Tairi jingine la saizi ile limepatikana Tanga. Mzee amelichonga, safari hii anajua kilichoko chini ya mpira. Limefika Gongo la Mboto na kurudi salama, naye akiwa kwenye kiti cha pembeni.

Nimeacha kazi mwaka huu kwa sababu ya mgongo, kabla sijafika hamsini. Wanaoanza kazi huniuliza ni matairi mangapi yana alama yangu. Sijui, ni mengi, yameshaisha barabarani. Ninalolikumbuka ni lile la Tanga. Barua ilimalizia hivi: "Ndani tumeandika alama moja tu, ya mchongaji."