Sitaki Krismasi Ambayo Mwanaidi Hawezi Kula

Wasomaji wa ukurasa huu, najua wengi wenu mngeanza na shikamoo, basi marahaba. Msimamizi amekubali kulificha jina langu, kwa sababu mwanangu na mkewe nao wanausoma. Nina miaka sabini na mitano, mwalimu mstaafu, mjane, na ninaishi Arusha nyumbani kwa mwanangu wa kwanza. Tangu Desemba ianze situlii. Nashika kitabu nakiweka, nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, natoka getini narudi.

Jambo lenyewe ni Krismasi. Nina maoni ambayo humu ndani hakuna anayeyataka, na pengine ninyi pia mtayakataa: kwangu mimi, Krismasi ambayo jirani Mwislamu hawezi kula haijakamilika. Mti, taa, fulana za kufanana, sina ugomvi navyo, lakini wala sivihitaji.

Nimezaliwa Bagamoyo, Mkristo. Baba alikuwa fundi seremala. Yeye na mama walitoka Songea. Nyumba ya pili aliishi Mzee Shomari, mwenye duka la nazi na mafuta, pamoja na mkewe na binti yao Mwanaidi, rika langu. Miaka ile ya sitini baba alileta mbuzi kutoka Kiwangwa siku chache kabla ya sikukuu, na hakuna aliyemgusa hadi Mzee Shomari atoke kuswali alfajiri ya Krismasi, aje na kisu chake. Akichinja yeye, mtaa mzima utakula. Pilau alipika mkewe, kwa sufuria zake. Mama alikuwa hodari wa ugali, pilau ilimshinda. Alikaa pembeni akimenya vitunguu na kupokea amri.

"Fundi, huyu ni mbuzi au mwavuli?" Mzee Shomari alikuwa akiuliza, huku akimpapasa mbavu.

"Chinja tu, shehe. Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, na supu ukaongeza."

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuja mjomba, kaka yake mama. Hakujua mtindo wetu. Siku ya Krismasi aliamka kabla ya wote, na tulipotoka uani tukakuta mbuzi amekwisha chinjwa, ananing'inia, mjomba anachuna huku akipiga mluzi. Alidhani ametupunguzia kazi. Baba alitokea mlangoni.

"Nyama hii itakwenda kwa Wakristo wenzetu kule misheni," alisema.

"Yote? Shemeji, nyama ni nyama."

"Ni nyama. Lakini mimi nina wageni."

Akaenda bandani akatoa kuku, pamoja na matetea wa mama waliokuwa wakitaga. Mama alinuna mpaka mchana. Mzee Shomari alipofika aliiona damu, akawaona kuku wamefungwa miguu, akaelewa. Alimsalimu mjomba, akamuuliza habari za safari na za huko kwao, kisha akamgeukia baba: "Fundi, mwavuli umepeperuka?" Mjomba ndiye aliyecheka kuliko wote.

Miaka michache baadaye mume wangu alihamishwa kikazi. Tulikaa Tabora, tukakaa Mbeya, na sikurudi tena kuishi Bagamoyo. Wazazi wetu wote wamekwisha. Aliyebaki wa kuniita kwa jina langu la utotoni ni Mwanaidi.

Mwaka jana alikuja kula Krismasi nami. Mezani kulikuwa na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na kuku aliyekaangwa kwa mafuta yale yale. Mwanaidi alikunywa soda, akala ndizi. Nilipomsogelea akaninong'oneza, "Usihangaike, mwenzangu, nimekula stendi." Basi lake lilikuwa limefika tangu jana yake.

Mwaka huu nikaomba mapema: mbuzi achinjwe na Mwislamu, nami nitapika mwenyewe kwa sufuria mpya. Mkwe wangu hakunipandishia sauti. Alikaa karibu nami akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini sikukuu ya kuzaliwa Bwana wangu siwezi kuianza kwa dua ya dini nyingine. Wao kwenye Idd yao wanatuita sisi tuwachinjie?" Anachokisema anakiamini, na mimi simwoni kuwa mtu mbaya.

Mwanangu akataka kunituliza. "Mama, mgeni wako tutamwagizia samaki na chipsi."

"Akae na mfuko wake wa chipsi, ninyi mmezunguka sinia?"

Nikamwambia basi nitakwenda Bagamoyo, nile huko na Mwanaidi. Akasema, "Siku hiyo mtoto wangu anabatizwa, na jina ni lako. Watu wakiuliza bibi yuko wapi, niwaambie amekwenda kufuata mbuzi?"

Nilimpigia Mwanaidi. "Mimi nitakula hata ndizi, bibie," akasema. "Usije ukagombana na mwanao kwa ajili yangu." Hapo ndipo nilipozidi kukosa raha, maana sasa kila mtu ananiomba nikubali, hata yeye mwenyewe.

Magoti yake yanamsumbua, na yangu pia. Safari ya Bagamoyo hadi Arusha hataiweza miaka mingi. Nikibaki, nitampakata mtoto kanisani, halafu ama nimkalishe rafiki yangu mbele ya chakula asichokila, ama nisimwite kabisa. Nikienda, kuna mtoto atakayekua akiambiwa kwamba bibi aliyempa jina hakutokea siku ya ubatizo wake.

Mwanaidi anasubiri nimwambie kama aje au mimi niende. Ninyi mlio na wazazi, na mlio na wakwe, nishaurini: nimjibu nini?