Walimlilia binti yangu akiwa hai

Admin, ficha jina langu na la mtoto, mengine yaache kama nilivyoyaandika.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, naishi Kisangani, upande wa Simi-Simi. Mume wangu anafanya biashara ya mtoni, anapanda mto mpaka Opala na kushuka, kwa hiyo siku nyingi niko peke yangu na watoto. Binti yetu wa kwanza ana miaka kumi na moja na ana SS, ule ugonjwa wa damu unaouma mpaka ndani ya mifupa. Mwenye mtoto wa SS atanielewa. Asiye naye aniamini tu.

Kuna kundi la wazazi kama sisi kwenye simu. Linaongozwa na mama mmoja mwanasaikolojia anayekaa mji mwingine. Anatutumia sauti, anatufundisha namna ya kutulia mtoto anapoanza kulia, anatuachia nafasi ya kusema yale ambayo kanisani huwezi kuyasema. Sitadanganya, kundi lile liliniokoa. Ukoo wa mume wangu ulikuwa unasema ugonjwa umetoka upande wangu. Mle ndani hakuna aliyeniuliza nilimkosea nani.

Aliyenishika zaidi ni mmoja ambaye hapa nitamwita Maman Deborah. Alisema anakaa Bengamisa na ana binti mwenye SS, anaitwa Deborah. Tukaanza kuongea pembeni, sisi wawili. Mtoto wangu akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kuuliza amekula nini, serumu iko mkono upi. Aliniomba picha ili amwombee akimtazama usoni. Nikatuma, hata ile ya hospitali, amelala, midomo imekauka. Nilimwambia na maneno ambayo mume wangu hajawahi kuyasikia: kwamba kuna siku maumivu yalizidi, nikamwomba Mungu amchukue tu apumzike.

Mwezi uliopita nilikuwa uani natwanga ndizi za lituma, binti yangu ameketi karibu anakula ndizi. Tukasikia kilio njiani. Alikuwa mama mkwe, ametoka Yanonge kwa mtumbwi na mwanamke jirani yake, wamefunga vitambaa vya matanga. Aliponikuta na mchi mkononi akanyamaza. Kisha akamwona mtoto, akarudi nyuma.

"Mutoto mwenye tumelilia," akasema, "sasa iko hapa anakula?"

Jirani yake akanionyesha simu. Picha ilikuwa imewafikia kupitia kundi la wamama wa maombi. Ilikuwa ile ya hospitali, imewekewa msalaba na mshumaa. Chini yake imeandikwa: "Binti yangu Deborah amelala katika Bwana. Nilimwomba Mungu amchukue apumzike, na Mungu amenisikia." Jina la aliyeiweka lilikuwa pale pale, la Maman Deborah. Mama mkwe aliona ile sura tu, akamjua mjukuu wake, akadhani tumemficha msiba. Watu wengi walikuwa wanampa yule mwanamke pole, wengine wanamwimbia kwa sauti.

Maneno yangu mimi, yametoka kwenye mdomo wake. Nilikimbilia ndani kuchukua simu yangu.

Niliporudi, binti yangu alikuwa ameshaiona ile picha. Akaniuliza taratibu, "Maman, siku ile ku hopitali nilikufaka?"

Nilimpigia yule mwanamke. Kwanza alikana, halafu akawa mtulivu kabisa. Akakiri hana mtoto mgonjwa. Ana watoto watatu, wote wazima, na mume aliyewaacha. Akaniambia, "Wewe ukilia watu wanakuja. Mama mwenye watoto wazima, nani anamupigiaka simu?" Nikamuuliza kwa nini amuue wangu. Akajibu kwamba ni mimi niliyesema nataka aende, yeye aliandika tu. Na kabla sijakata, kwa sauti ile ile ya upole niliyoizoea, akauliza, "Na mutoto, leo amekula?"

Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile naona kama kuna kitu kichafu kinatembea kwenye ngozi yangu.

Nilimtumia mwanasaikolojia kila kitu nikijua atamfukuza siku hiyo hiyo. Alimwamuru aiondoe picha, hilo nakubali. Lakini yule mwanamke bado yuko kundini. Mwanasaikolojia alisema naye ni mgonjwa wa nafsi, tukimtupa anaweza kujidhuru, na wazazi wakijua kulikuwa na mwongo kati yao hakuna atakayefungua mdomo tena. Akaniomba nitunze siri. Bon, siri za wengine natunza. Za kwangu zilitunzwa na nani?

Nyumbani hali si nzuri. Mama mkwe alirudi Yanonge bila kumgusa mtoto, anasema aliyeliliwa hawezi kukaa hivi hivi na watu. Mume wangu anasema niachane na mambo ya simu. Mtoto mwenyewe hataki tena kupigwa picha.

Sasa wiki hii ameingia mama mpya, kijana sana, mtoto wake wa kwanza amegunduliwa na SS. Wa kwanza kumkaribisha alikuwa Maman Deborah: "Courage dada yangu, njoo pembeni tuongee." Nimeandika ujumbe wa kumwonya, nikaufuta, nikauandika tena. Nikisema mbele ya wote, kundi linaweza kuvunjika, na nawajua wanawake mle ambao hawana sikio lingine duniani. Nikinyamaza, nitakuwa nimempa yule mwanamke mtoto mwingine wa kuzika.

Na jana mama mpya ameandika kundini kwamba tangu ampate Maman Deborah, ameanza kupata usingizi.

Wazazi wenzangu, nipeni shauri bila kunionea haya. Nimwambie, au nimwache alale?