Blanketi la Kompyuta

Harufu ya vumbi linaloungua ndiyo iliyonijulisha kwamba mama amewasha kompyuta. Ilitoka sebuleni, ikapita juu ya ukuta usiofika darini, ikanikuta chumbani na daftari la hisabati mapajani. Hapo kusoma kwangu kuliisha. Nilisikiliza feni: ikivuma sawasawa nilipumua, ikipandisha sauti nilisimama. Nilikuwa darasa la saba, nyumba yetu iko mlimani juu ya mji wa Lushoto, na ulikuwa msimu wa baridi, ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na sare za shule hukaa siku tatu kambani zikiwa bado mbichi.

Mama, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akisomea shahada kwa njia ya masafa. Kompyuta ile ya mezani aliinunua ikiwa imetumika, na ripoti yake yote ya utafiti ilikuwa humo. Ilitakiwa ifike chuoni Ijumaa. Isipofika, angerudia mwaka. Wiki hiyohiyo mashine ikaanza kujizima. Haikutoa onyo lolote, kioo kiligeuka cheusi tu na mama akabaki na vidole hewani.

Fundi wa nyumba nilikuwa mimi, kwa sababu niliwahi kuirudishia kompyuta sauti iliyopotea. Nikaamua kwamba ni virusi, vimetoka kwenye flashi iliyopitia steshenari ya mjini. Jumapili, mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya usharikani, niliingia ndani kabisa ya mipangilio nikayafunga matundu yote ya flashi, virusi visipate pa kupita. Nikaiwekea mipangilio hiyo na neno la siri. Jioni sikulikumbuka. Nilijaribu jina la bibi, jina la mbuzi wetu, tarehe yangu ya kuzaliwa kwa kila mpangilio. Ripoti ikawa imefungiwa ndani, na hakuna pa kuitolea, maana nyumbani hatukuwa na intaneti wala printa.

Mama alipochomeka flashi isisome, akaniuliza kulikoni. "Labda ni hii baridi, mama," nilisema. Ndilo jibu la kwanza lililonijia. Aliusikiliza mtetemo wa feni, akalitazama dirisha lililojaa ukungu. "Kweli. Sisi wenyewe si tunatetemeka?" Kasha la kompyuta lilikuwa tayari limevikwa kitambaa cha kufuma, kama redio na makochi na kila kitu pale sebuleni. Juu yake mama akaongeza blanketi, akalikunja vizuri ubavuni, akaacha wazi kitufe tu.

Sikutulia tena. Mama alitaka kumwita fundi tangu Jumatatu; nikamsihi anipe siku moja, kisha nyingine. Niliondoa michezo, nikapunguza rangi za kioo, nikachomoa nyaya nikazipuliza, nikazirudisha, nikazichomoa. Nyuma ya daftari niliandika dakika ambazo mashine ilidumu: kumi na nne, kumi na moja, tisa. Nilitafuta maana katika zile namba, kama zinafuata saa, au hali ya hewa, au dhambi yangu. Jumatano mama akafungua kaunta buku aanze kunakili ripoti kwa mkono. Mimi nilisoma kwenye kioo, yeye akaandika; mashine ikizima, tulibana blanketi tukaisubiri ipate joto. "Soma haraka," alisema, na alipoanza kuchanganya Kishambaa nilijua ameingiwa na hofu. Nilisoma haraka. Siku hiyo niliandika: saba.

Alhamisi mchana fundi wa redio alipanda kutoka sokoni, mama akiwa amechoka kunisikiliza. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba," akajibu, kisha akasimama mlangoni akiitazama kompyuta. "Mwalimu, huyu ana homa, nanyi mmemwongezea blanketi?" Alivuta vile vitambaa, akafungua ubavu wa kasha, akafuta vumbi la feni kwa brashi ya rangi. Akaiwasha. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Mama alikuwa ameanza kucheka fundi alipochomeka flashi nyuma ya kasha, ikakataa, na mipangilio ikamdai neno la siri. "Na haya matundu hayajafa. Kuna mtu kayafunga."

"Nani?" mama akauliza.

"Mimi."

"Si ulisema ni baridi?"

"Nilitaka nitengeneze kwanza, ndipo nikwambie."

Fundi alichomoa kibetri kidogo kama kifungo cha shati, akakirudisha, neno langu la siri likafutika na matundu yakafunguka. Mama hakunigombeza. Alinyoosha vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, vile vilivyokuwa vimeshika kalamu siku mbili. "Ulikuwa unaniona naandika," alisema. Ripoti ilifika chuoni Ijumaa.

Leo nina shahada ya kompyuta na chumba cha kupanga Tanga. Mashine yangu ni nyembamba kama sahani, haina joto wala kelele, na kila ninachoandika hujihifadhi chenyewe mahali nisipopajua. Tangu nihitimu nimetuma maombi ya kazi nisiyoweza tena kuyataja yote. Nabadilisha ukubwa wa herufi, nahamisha aya, nafungua barua pepe, nafunga, nafungua. Mama akipiga simu namwambia kuna sehemu nasubiri majibu. Jumapili iliyopita nilimpigia mimi.

"Mama, hakuna aliyenijibu. Hata mmoja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akauliza kama nimekula. Nikasema bado.