Barafu Niliyopoza Nayo Basi la Mbale

Mimi ni kondakta mwenye haya hata ya kuitisha nauli, lakini leo naomba mnicheke. Mwenye basi letu la Jinja kwenda Mbale alisikia kuwa ng'ambo wanataka kupoza treni za chini ya ardhi kwa barafu.

"Weka barafu chini ya viti," akaniambia. "Abiria wakilalamika joto tena, kazi huna."

Niliona haya kuomba barafu hotelini. Nikaokota ile waliyoimwaga wauza samaki.

Mwanzoni abiria walinisifu. Tulipopita Iganga, harufu ikapanda. Hajati mmoja akaziba pua, akamgusa mwanajeshi aliyekaa mbele yake.

"Afande, ndani ya buti yako kuna maiti?"

Basi zima likacheka. Nami, badala ya kusema ukweli, nikacheka kuliko wote.

Afande akavua buti, akavua na soksi, akainua mguu. "Haya mama, nusa!"

Hajati akanusa kwa mbali. "Ai, huu ni safi! Sasa nani ananuka?"

Dereva akafunga breki. Maji yakatiririka kutoka chini ya viti, yakaleta kichwa cha sangara hadi miguuni pangu. Afande akakitazama, kisha akanitazama mimi, meno yangu yakiwa bado nje.