Siku Niliyolamba Ukuta

Juzi sokoni Kasulu mjukuu wangu mjamzito alinikaribisha udongo anaotafuna. Nikatema mate, maana nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini Heru Juu.

Shuleni chaki ya mwalimu tuliiita ingwa. Nyumbani ingwa ilikuwa udongo mweupe wa kupaka kuta. Shangazi yangu, tumbo limemtangulia, alikuwa akiibandua ukutani na kuila kwa raha, nami nikasogea nikalamba.

Loo! Chini yake kulikuwa na mavi ya ng'ombe ya kukandikia, bado mabichi. Yalinata ulimini, yakanuka hadi puani.

Shangazi akacheka, "We mwana, nawe unataka kuzaa?"

Nikatapika, kisha nikalia mpaka ng'ombe wakarudi zizini, nikiamini nimebeba mimba ya ndama.