Gulamali na Mwizi wa Lamboni

Mwaka 1972 daktari alimwambia Gulamali, muuza vitenge wa Shinyanga, akimbie kila asubuhi ili tumbo lipungue. Gulamali alinuna siku nzima. Mtu mzima, mwenye duka, akimbie kama kuku! Hata hivyo, kesho yake alivaa raba, akashika njia yenye miti kandokando ya lambo, bwawa la kunyweshea ng’ombe.

Hakufika mbali, akasikia vishindo nyuma. Kugeuka, aliona wanaume wenye marungu wakija mbio, mbele yao Jilala mfugaji, mteja wake. Gulamali akatimua mbio, roho mkononi. Nao wakaongeza mwendo. Pumzi ilipomwishia, alikumbatia mti akangoja kipigo.

“Baba Hasnain,” Jilala alimwuliza Gulamali akihema, “wameelekea wapi?”

“Akina nani?”

“Wezi wa ng’ombe! Kwetu mtu akikimbia alfajiri, anafukuza wezi, hatumwachi peke yake.”

“Wezi gani? Nakimbiza hili tumbo!”

Walicheka mpaka marungu yakawadondoka. Gulamali alirudi nyumbani akifoka njia nzima.

Asubuhi iliyofuata aliwakuta lamboni wanamngoja, marungu begani.

“Twende, Baba Hasnain,” Jilala alisema, akilitazama tumbo. “Mwizi bado hajakamatwa.”