Jina Kifuani

Mimi ndiye niliyemponza papa, baba yangu. Nalisema wazi neno hili, maana nyumbani kila mtu analizunguka.

Papa alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo kilichofungwa mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama. Tangu hapo amefanya kila kazi: kubeba abiria kwa baiskeli ya toleka, kuuza mawese, kubeba magunia bandarini. Lakini ovaroli yake ya buluu, yenye jina la kiwanda kifuani, hakuivaa kwa kazi nyingine. Na siku ya kuandikisha kadi ya mpigakura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, alijipunguzia miaka bila haya. "Siku moja watafungua kiwanda ingine," alisema. "Wasinikute muzee."

Basi wakafungua. Cha sabuni, kwenye barabara ya Bangboka. Tulikwenda sote wawili kuomba kazi. Papa alitaka kuvaa koti la kanisani. Nikamcheka: "Eh, papa! Unaenda kuomba kazi ao kuoa? Vaa ovaroli, waone uko fundi kweli." Niliipiga pasi ya makaa mwenyewe, nikajisifu.

Kijana wa mezani aliangalia kadi, akaangalia kifua cha papa, akarudi kwenye kadi. Hakuwa mkali, na ndiyo maana iliuma zaidi.

"Papa, hii kiwanda ilifungwa zamani. Kwa hii kadi, ulikuwa ungali mutoto wa masomo ya primere. Bon, ulitumika kazi pale namna gani?"

Kwa swali lolote la mashine papa angejibu. Kwa hilo aliinamisha kichwa mbele ya watu wote, akachukua kadi yake, akatoka kwenye mstari. Aliyefuata ni mimi. Wakaniandika.

Sasa napanga sabuni kwenye makartoni. Papa alikaa Jumapili nzima na wembe, akalifumua lile jina uzi kwa uzi. Haikusaidia kitu. Ovaroli yote imepauka, ila pale palipokuwa na herufi pangali buluu, na jina linasomeka kuliko mwanzo. Kila asubuhi anaianika, jua lilifute.

Na kila jioni, kabla sijavua viatu, ananiuliza: "Wangali wanaandika watu?"

Wanaandika, kila Jumatatu, kwenye meza ile ile ya yule kijana, na mafundi wa mashine ndio wanaotafutwa zaidi. Mimi namjibu, "Walisha kumaliza, papa."